Dume Asiye na Safu Daftarini: Uchambuzi wa Kisa cha Mikupuo Midogo katika Shamba la Nguruwe

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika shamba la nguruwe lenye majike wa uzalishaji wapatao 120 na madume watano. Jina la shamba, mahali lilipo, mbari za wanyama na namba zao za masikioni vimeondolewa. Nimeondoa pia namba za kromosomu mbili zilizohusika, yaani nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni. Msomaji wa fani hii anaweza kuona kwamba huo ni usiri uliopita kiasi, lakini hitilafu ya aina hii karibu kila mara huwa ya kipekee, na anayejua ni wapi kromosomu zilikatika anaweza kumtambua dume mwenyewe na, kupitia kwake, mfugaji aliyemzalisha. Mimi niliitwa shambani kama mshauri wa uzalishaji wa mifugo katika mwezi wa kumi wa tatizo. Yaliyotangulia nimeyajenga kutokana na madaftari na maelezo ya waliokuwapo.

Hali ilivyokuwa kabla

Shamba lilikuwa likijizalishia mitamba wake lenyewe na kununua madume tu kutoka nje. Wastani wa watoto kwa mkupuo, yaani kwa uzazi mmoja wa jike, ukijumlisha waliozaliwa hai na waliozaliwa wafu, ulikuwa 12.3. Majike wote walihimilishwa, yaani walipandikizwa mbegu bila kupandwa na dume, kwa mbegu zilizovunwa hapohapo shambani, na mara nyingi mbegu za madume wawili zilichanganywa katika chupa moja ili dume mmoja akiwa na siku mbaya, mwenzake amfidie. Kila jike alikuwa na kadi yake, nayo ilionyesha tarehe ya kuhimilishwa, tarehe ya kuzaa, idadi ya watoto hai, idadi ya wafu na idadi ya vijusi vilivyokauka. Kuhusu mbegu, kadi ilitaja tarehe ya chupa tu. Aliyetaka kujua chupa ile ilitoka kwa dume gani alilazimika kufungua daftari jingine, lililokaa katika chumba cha kuvunia mbegu, na hakuna aliyewahi kulifungua kwa ajili hiyo.

Dume wa tano, ambaye nitamwita Dume wa Tano kwa kukosa jina bora, alinunuliwa akiwa na cheti cha jeni. Cheti kilionyesha kwamba alikuwa na nakala mbili za aina inayopendelewa ya jeni ya kipokezi cha estrojeni, homoni ya kike, iitwayo ESR1. Jeni hii ilipata umaarufu mwaka 1996, pale Max Rothschild na wenzake nchini Marekani walipochapisha utafiti uliohusisha aina yake moja na mikupuo mikubwa zaidi katika koo zenye damu ya Meishan, nguruwe wa China wanaosifika kwa kuzaa watoto wengi. Mwenye shamba alikuwa amesoma habari hizo na alinunua dume huyo akiwa na tumaini lililo wazi: mikupuo ingeongezeka. Taarifa ya kipimo cha maelfu ya alama za DNA, iliyoambatanishwa na cheti, nayo ilimpa dume huyo alama za juu.

Mfululizo wa matukio

Mwezi wa kwanza katika maelezo haya ni ule ambao mbegu za Dume wa Tano zilianza kutumika. Kwa kuwa mimba ya nguruwe huchukua siku 114 hivi, mikupuo yake ya kwanza ilianza kuonekana mwishoni mwa mwezi wa nne. Tangu hapo wastani wa shamba ulianza kushuka, lakini kwa namna isiyoshtua. Shamba la ukubwa huu huwa na mikupuo kama 23 kwa mwezi, na wastani wa mikupuo 23 huyumba wenyewe kwa zaidi ya nusu mtoto bila sababu yoyote. Mwezi wa tano ulionekana mbaya kidogo, wa sita mbaya zaidi, wa saba ukaleta nafuu. Hadi mwezi wa nane ndipo msimamizi alipokubali kwamba kuna jambo.

Kitu kimoja kiliwachelewesha zaidi. Watoto wa mikupuo midogo walizaliwa wazito na wanaolingana, walinyonya vizuri na vifo kabla ya kuachishwa vilipungua. Wahudumu walilisifu zizi la kuzalia kuliko wakati wowote uliopita. Kwa hakika walikuwa wakiona matokeo ya nafasi tumboni, kwani watoto saba waliogawana mji wa mimba uliozoea kubeba kumi na wawili hawana budi kuwa wakubwa.

Shaka ilipoingia, ilielekezwa kwanza kwenye chakula. Nafaka zilipimwa sumukuvu, hasa zearalenoni, ambayo hufanana kiutendaji na estrojeni na huvuruga uzazi wa nguruwe. Kiwango kilikuwa cha chini. Kisha ratiba ya chanjo ya virusi vya parvo ilikaguliwa, na damu ya majike kadhaa ikapimwa magonjwa ya kuharibu mimba, ikiwemo yale ya bakteria wa leptospira. Hakukupatikana kitu. Muda wa kuhimilisha ulirekebishwa ili jike apate chupa ya pili mapema zaidi baada ya kuanza joto, na hilo pia halikubadilisha lolote.

Wakati huohuo kanuni ya kawaida ya shamba iliendelea kufanya kazi kimyakimya. Jike aliyevuka mkupuo wa nne akazaa watoto pungufu ya wanane aliondolewa. Majike tisa waliondoka kwa njia hiyo kati ya mwezi wa tano na wa tisa, idadi iliyozidi ya kawaida, na kila mmoja kwa kadi yake mwenyewe alionekana amechoka kuzaa.

Jinsi swali lilivyobadilika

Nilipofika nilianza na kile ambacho hakikuwapo. Idadi ya vijusi vilivyokauka haikuwa imepanda. Mifupa ya kijusi huanza kukomaa karibu na siku ya 35 ya mimba, na kinachokufa baada ya hapo aghalabu hakiwezi kufyonzwa na mwili wa mama chote, bali hubaki na kutoka kikiwa kimekauka siku ya kuzaa. Virusi vya parvo vikiingia kati ya takriban siku ya 35 na ya 70 huacha alama hiyo. Hapa watoto walikuwa wanakosekana bila kuacha mabaki, maana yake walikuwa wanakufa mapema sana, wakiwa bado viinitete, au hawakutungwa kabisa. Majike waliorudi kwenye joto nao hawakuongezeka, kwa hiyo mimba zilikuwa zinashika.

Hatua iliyofuata haikuhitaji maabara. Tulichukua madaftari mawili, la kadi na la chumba cha mbegu, tukayaunganisha kwa tarehe za chupa, mkupuo mmoja baada ya mwingine, kazi iliyotuchukua siku mbili. Mikupuo 127 ilipatikana. Kati yake 71 ilitokana na madume wengine wanne bila mbegu za Dume wa Tano, na wastani wake ulikuwa 12.2. Mikupuo 34 ilitokana na chupa zilizochanganya mbegu zake na za mwenzake, wastani 10.4. Mikupuo 22 ilikuwa yake peke yake, na wastani wake ulikuwa 7.6.

Mkupuo mmoja wa nguruwe hutofautiana na mwingine kwa kiasi kikubwa hata katika shamba lenye utulivu. Nikichukua upeo wa kawaida wa tofauti hiyo, karibu watoto 2.8 juu au chini ya wastani, basi wastani wa mikupuo 22 unaweza kukosea kwa takriban 0.6. Pengo la 4.6 haliwezi kuelezwa kwa bahati. Tulijihadhari tu na uwezekano kwamba Dume wa Tano alikuwa amepewa majike dhaifu, tukakagua kadi zao za nyuma, na kabla yake majike wale walikuwa wakizaa sawa na wenzao. Kisha tukarudi kwa wale tisa walioondolewa. Saba kati yao walikuwa wamehimilishwa kwa mbegu za Dume wa Tano peke yake.

Mwenye shamba alinyamaza kwa muda, halafu akauliza swali ambalo ndilo kiini cha kisa chote: inakuwaje dume mwenye cheti cha uzazi mkubwa awe ndiye anayepunguza watoto?

Kipimo na maana yake

Mbegu za dume huyo zilipotazamwa kwa darubini zilikuwa nzuri. Zilikuwa nyingi, zilisogea kwa nguvu na maumbo yake yalikuwa ya kawaida. Mfugaji aliyemuuza alitumia matokeo hayo, pamoja na taarifa ya alama za DNA, kutetea mnyama wake, na kwa haki yake hakuwa anasema uongo. Vipimo vyote viwili vilikuwa sahihi. Havikupima kilichoharibika.

Nilipendekeza uchunguzi wa kromosomu, na nikasisitiza dume asitumike tena kuanzia siku ile badala ya kungoja majibu. Wengine walitaka kungoja. Hoja yangu ilikuwa kwamba kumpumzisha dume kwa mwezi mmoja ni hasara ndogo kwa shamba lenye wengine wanne, ilhali kila wiki ya kungoja ingeongeza majike wenye mikupuo midogo na vitoto ambavyo baadaye ingebidi vifuatiliwe.

Sampuli ya kwanza iliharibika, na kosa lilikuwa langu kwa kutoa maelekezo kwa mdomo. Damu iliwekwa katika mirija ya EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, iliyokuwa ikitumika shambani kwa vipimo vingine, kisha mhudumu mwangalifu akaigandisha kwa baridi ili isioze. Kwa kipimo cha DNA isingekuwa shida. Uchunguzi wa kromosomu, hata hivyo, huhitaji seli nyeupe zilizo hai, zinazooteshwa maabara kwa takriban siku tatu na kusimamishwa zikiwa katikati ya kugawanyika, pale kromosomu zinapokuwa zimejikunja na kuonekana. Damu hukusanywa katika mirija ya heparini, kizuia-kuganda kingine, haigandishwi kwa baridi, na hufikishwa haraka. Sampuli ya pili ilifuata utaratibu huo.

Nguruwe wa kufugwa ana kromosomu 38, na Dume wa Tano alikuwa nazo 38 kamili. Aliyehesabu tu angemwachia. Zilipopakwa rangi na kupangwa kwa mistari yake ndipo ilipoonekana kwamba kromosomu mbili za jozi tofauti zilikuwa zimebadilishana ncha: kipande cha ya kwanza kilikuwa kimekaa kwenye ya pili, na cha ya pili kwenye ya kwanza. Hali hii huitwa translokesheni. Dume mwenyewe hakupungukiwa na chochote, kwani kila kipande kilikuwapo mwilini mwake, ila mahali pasipo pake. Ndiyo maana alikuwa na afya na mwenye nguvu, na ndiyo maana kipimo cha alama za DNA, ambacho huuliza kama kipande kipo na ni cha aina gani, hakikuona lolote.

Tatizo huanza seli zinapogawanyika kutengeneza mbegu. Kromosomu nne, mbili za kawaida na mbili zilizobadilishana, hulazimika kukutana zote kwa pamoja, na zikiachana hufanya hivyo kwa njia kadhaa. Njia moja tu huzaa mbegu zenye urithi kamili, yaani zile mbili za kawaida zikienda upande mmoja na zile mbili zilizobadilishana zikienda upande wa pili. Njia nyingine hutoa mbegu zenye ziada ya kipande kimoja na upungufu wa kingine. Mbegu hizo huogelea na kurutubisha yai bila shida, kwa sababu wakati huo jeni zilizobebwa ndani yake bado hazijaanza kazi. Kiinitete ndicho kinachokufa siku chache au wiki chache baadaye.

Hapo pia lipo jibu la kwa nini majike hawakurudi kwenye joto. Mwili wa jike huhitaji ishara kutoka kwa viinitete, takriban vinne au zaidi, karibu na siku ya 12, ili uitambue mimba na kuitunza. Jike hupevusha mayai mengi kuliko watoto atakaowazaa, na hata dume anayepoteza zaidi ya theluthi ya viinitete huacha vya kutosha kutoa ishara. Kwa ng’ombe, anayebeba ndama mmoja, dume wa namna hii angejulikana mapema kwa majike wanaorudirudi kwenye joto. Kwa nguruwe, upungufu hujificha ndani ya mkupuo.

Uamuzi kuhusu watoto wake

Dume aliondolewa bila mjadala. Mjadala mkali ulihusu mabinti. Kwa kila mtoto wake aliyezaliwa hai, uwezekano wa kubeba translokesheni ni nusu, na shamba lilikuwa tayari limeweka alama mitamba 14 waliotokana naye peke yake, kwa sababu walikuwa wazito na wazuri, pamoja na tisa wa mikupuo ya mbegu mchanganyiko ambao baba yao hakujulikana. Walikuwa bado hawajahimilishwa, kwa bahati ya wiki chache tu.

Mimi nilishauri wote 23 wanenepeshwe na kuuzwa kwa nyama. Niliona gharama ya kupima kila mmoja ni kubwa kwa shamba la ukubwa ule. Mwenye shamba alikataa, akasema ameshapoteza majike tisa, na akiondoa mitamba 23 hatakuwa na wa kuziba nafasi ila kwa kununua nje na kukaribisha magonjwa. Alikuwa sahihi na mimi sikuwa nimelifikiria hilo vya kutosha. Kipimo cha DNA cha kumtambua baba kilionyesha kwamba wanne kati ya tisa walikuwa wake. Mabinti 18 wakachunguzwa kromosomu: kumi walibeba hitilafu na wanane walikuwa safi. Wale wanane walibaki, na hawana uwezo wa kuirithisha hitilafu ambayo hawanayo.

Mfugaji aliyemuuza dume aliwachunguza baba na mama yake, na wote walikuwa na kromosomu za kawaida. Hitilafu ilikuwa imezuka upya, katika mbegu au yai lililomtunga.

Matokeo

Mikupuo iliyotungwa baada ya dume kupumzishwa ilipoanza kuzaliwa, wastani ulipanda hadi 12.0. Haukufika 12.3, na sababu si ya kutafuta mbali: majike wazoefu tisa walikuwa wamebadilishwa na mitamba, na mkupuo wa kwanza kwa kawaida huwa mdogo kuliko wa tatu au wa nne. Mabinti wanane waliobaki walizaa wastani wa 11.6 katika mkupuo wao wa kwanza, wakilingana na mitamba wengine wa rika lao, waliopata 11.5.

Uchambuzi

Tofauti za urithi katika uzazi wa nguruwe huja kwa vipimo viwili visivyolingana, na shamba hili lilikutana na vyote viwili ndani ya mnyama mmoja. Kwa upande mmoja kuna jeni nyingi zenye athari ndogondogo. Ni sehemu kama ya kumi tu ya tofauti za ukubwa wa mikupuo ndani ya kundi inayotokana na urithi unaojumlishwa, na iliyobaki ni umri wa jike, lishe, joto la mazingira, muda wa kuhimilisha na mengine. ESR1 ni moja tu ya jeni hizo, na matokeo yake nje ya koo za asili ya Meishan yamekuwa madogo zaidi na yasiyotabirika, kiasi kwamba tafiti nyingine hazikuyaona kabisa. Kwa upande wa pili kuna hitilafu adimu ya muundo wa kromosomu, ambayo mnyama mmoja anapokuwa nayo hupoteza watoto kadhaa katika kila mkupuo. Cheti kilizungumzia upande wa kwanza, na hakuna aliyeuliza kuhusu wa pili.

Hata huo upande wa kwanza ulisomwa vibaya. Kipokezi cha estrojeni hufanya kazi yake ndani ya jike. Dume mwenye nakala mbili za aina nzuri hawaongezei watoto majike anaowahimilisha. Anachoweza ni kuwapa mabinti wake nakala moja kila mmoja, nao ndio watakaoonyesha kama ina faida, mwaka mmoja au zaidi baadaye. Mwenye shamba alitazamia mavuno mahali ambapo mbegu yake haikupandwa. Mabinti wanane waliobaki wote walirithi nakala hiyo, na 11.6 yao dhidi ya 11.5 ya wenzao haisemi chochote kwa au dhidi yake. Ili kuona kwa uhakika athari ya sehemu ya mtoto mmoja, katikati ya mtawanyiko wa 2.8, zingehitajika mamia ya mikupuo kwa kila kundi.

Kilichofaulu ni kuunganisha madaftari mawili. Siku mbili za kazi ya mkono zilifanya kile ambacho miezi ya vipimo vya chakula na damu haikufanya. Silaumu vipimo hivyo, maana kwa tatizo linaloenea shamba zima ndivyo mtu anavyopaswa kuanza. Lakini wastani wa shamba zima ulifanya tatizo la mnyama mmoja lionekane kama la wote. Ukubwa wa mkupuo uliandikwa kwenye kadi ya jike, ukahesabiwa kuwa sifa ya jike, na jike ndiye aliyeadhibiwa. Kwa kawaida mchango wa dume kwenye ukubwa wa mkupuo ni mdogo, na desturi ya kutomwandika ilitokana na ukweli huo. Ni desturi inayofaa hadi siku anapotokea dume asiye wa kawaida. Kuchanganya mbegu kulikoleza giza: mikupuo ile 34 yenye wastani wa 10.4 isingemtia mtu yeyote mashaka.

Kuhusu kuchunguza madume kabla ya kuwatumia, kisa cha kwanza kuandikwa cha translokesheni kwa nguruwe kilitoka Uswidi mwaka 1964, kwa hiyo jambo lenyewe si geni. Nchini Ufaransa, ambako madume wachanga wa vituo vya uhimilishaji huchunguzwa kwa wingi, takriban mmoja kati ya 200 wenye mwonekano wa kawaida amekutwa na hitilafu ya aina hii. Kwa kituo kinachosambaza mbegu kwa maelfu ya majike, uwiano huo unatosha kuhalalisha gharama ya kumpima kila dume. Kwa shamba linalonunua dume mmoja kila mwaka, ninaona ni busara zaidi kutumia mbegu zake peke yake, bila kuchanganya, mpaka mikupuo yake 15 hivi ihesabiwe, na kumpima yule tu ambaye wastani wake umebaki nyuma sana. Shamba sasa linafanya hivyo, na kadi ya jike ina safu ya dume.

Limebaki jambo moja ambalo halijafungwa. Kabla ya majibu ya maabara, wana watatu wa Dume wa Tano walikuwa wameuzwa kwa wafugaji wengine kwa ajili ya kupandisha. Wawili walipatikana na kuchunguzwa, mmoja akiwa safi na mwingine amebeba hitilafu, naye akaondolewa. Wa tatu alikuwa ameshauzwa tena na mnunuzi wa kwanza, ambaye hakuandika alimpa nani.